Risiti ya Posta ni Sehemu ya Fomu ya Kodi

Tangu tarehe 24 Desemba 2025, kanuni za Shirika la Posta la Marekani zinasema waziwazi jambo ambalo kila msemaji wa Kiswahili anayeishi nchi hiyo, na anayetuma ritani yake ya kodi ya mapato kwa bahasha, anapaswa kulijua. Tarehe inayogongwa na mashine juu ya bahasha si lazima iwe siku ambayo posta iliipokea barua. Ni siku ambayo barua ilipita kwenye mashine ya kuchambulia, na mashine hiyo huenda iko mji mwingine, na siku hiyo huenda ni kesho yake au keshokutwa. Sababu ni kwamba shirika limepunguza safari za magari yake. Kwenye posta nyingi zilizo zaidi ya maili 50 kutoka kituo kikuu cha mkoa, barua zilizotumbukizwa leo hulala hapo hapo na kuchukuliwa asubuhi inayofuata.

Mtu anayetuma kadi ya sikukuu hana haja ya kulijali hilo. Kwa anayetuma ritani, tarehe ile ndiyo sheria yenyewe. Kifungu cha 7502 cha sheria ya kodi ya Marekani kinasema kwamba ritani iliyotumwa kwa posta, ikiwa na anwani sahihi na stempu za kutosha, huhesabiwa imewasilishwa siku ya muhuri wa posta, hata kama itafika wiki mbili baadaye. Mwisho wa kuwasilisha, kwa watu wengi, ni tarehe 15 Aprili. Sasa ziweke kanuni hizo mbili pamoja. Mtu ametoka zamu ya jioni kwenye kiwanda cha nyama katika mji mdogo wa Iowa, tarehe 15 Aprili saa mbili usiku, akatumbukiza bahasha yake kwenye sanduku la buluu kando ya barabara. Moyoni amemaliza kazi. Bahasha ikigongwa muhuri wa tarehe 17, kisheria amechelewa. Kama alikuwa anadaiwa kodi, adhabu ya kuchelewa kuwasilisha ni asilimia 5 ya deni kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, mpaka kufikia asilimia 25.

Hoja yangu katika makala hii ni moja. Anayetuma ritani kwa karatasi amebebeshwa peke yake mzigo wa kuthibitisha kwamba ametuma, ametuma lini, na imefika. Waliobebeshwa mzigo huo kwa sehemu kubwa ni watu ambao hawana njia nyingine ya kuwasilisha. Kwa hiyo wao wenyewe wanapaswa kuihesabu risiti ya posta kuwa ukurasa wa mwisho wa fomu, na serikali inayowalazimisha kutumia karatasi inapaswa kuwapa uthibitisho inaowapa wengine wote.

Anayedhani ninakuza mambo aisome kesi ya Howard na Karen Baldwin. Wanandoa hawa walikuwa wanaomba kurudishiwa kodi waliyolipa kwa mwaka 2005, kwa sababu biashara yao ya filamu ilipata hasara mwaka 2007 na sheria iliwaruhusu kuirudisha hasara hiyo nyuma. Ombi lilitakiwa kuwasilishwa kufikia katikati ya Oktoba 2011. Wafanyakazi wao wawili walieleza kwa kiapo kwamba waliipeleka ritani ile ya marekebisho katika posta ya Hartford, Connecticut, mwezi Juni 2011, miezi kadhaa kabla ya mwisho. Waliituma kama barua ya kawaida. Mamlaka ya mapato, IRS, ikasema haikuiona. Mahakama ya kwanza iliwaamini mashahidi na kuamuru Baldwin warudishiwe zaidi ya dola 167,000. Aprili 2019 mahakama ya rufaa iliutengua uamuzi huo. Ilisema kwamba chini ya kanuni za kodi, barua isipoonekana, ushahidi wa mdomo haukubaliki tena. Kinachokubaliwa ni risiti ya rejista au ya huduma ya Certified Mail, au uthibitisho wa kampuni ya kusafirisha vifurushi iliyoidhinishwa na IRS. Februari 2020 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi hiyo, na habari ikaishia hapo.

Watu wenye wafanyakazi, wanasheria na uwezo wa kupanda ngazi zote za mahakama walipoteza fedha hizo kwa kukosa kipande cha karatasi kinachopatikana kaunta kwa dola chache. Je, dada anayefanya usafi wa hoteli Louisville, aliyefika kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mitatu iliyopita, atajitetea kwa nini bahasha yake ikipotea?

Wengi watauliza nani bado anatuma karatasi zama hizi. Ni kweli kwamba zaidi ya ritani 9 kati ya kila 10 za watu binafsi Marekani huwasilishwa kwa kompyuta. Lakini hiyo moja iliyobaki ni mamilioni ya bahasha kila mwaka, na ukitazama ni nani aliyezifunga utaona kwamba nyingi hazikutumwa kwa sababu mwenyewe anapenda kalamu. Mwanafunzi wa chuo aliyetoka Dodoma au Eldoret kwa viza ya masomo, ambaye hakupata kipato chochote, anatakiwa kutuma fomu 8843 kwa posta kwenda Austin, Texas. Mtu aliyekaa miaka mitano bila kujaza na sasa anataka kusafisha rekodi yake, pengine kwa ajili ya ombi la uraia, atakuta mfumo wa kompyuta unapokea mwaka wa sasa na miwili iliyotangulia tu. Iliyobaki ni karatasi, na ni vyema kila mwaka uwe na bahasha yake. Na yupo yule ambaye mkewe au mumewe hana namba ya Social Security. Huyu wa mwisho nitakaa naye kidogo, kwa kuwa ndiye anayepatikana katika kila jumuiya ya watu wetu kule, kutoka Minneapolis hadi Houston.

Tuseme ni dereva wa lori, mkazi wa kudumu wa Marekani, anayeishi Texas. Mkewe yuko Mwanza, anasubiri viza, hana kipato. Mwaka 2025 dereva huyu alipata mshahara wa dola 45,000. Akijaza kama mtu aliyeoa anayewasilisha peke yake, sheria inamwondolea dola 15,750 kabla ya kodi, na kodi yake inakuja karibu dola 3,270. Sheria hiyo hiyo inamruhusu kuchagua mkewe ahesabiwe kama mkazi kwa ajili ya kodi, wawasilishe pamoja, waondolewe dola 31,500, na kodi ishuke hadi dola 1,350. Tofauti ni zaidi ya dola 1,900. Hiyo ni nauli ya ndege ya mke huyo siku viza itakapotoka, na chenji ikabaki.

Masharti yapo. Wakichagua hivyo, kipato cha wote wawili popote duniani kinaingia kwenye ritani. Kama mke ana duka pale Kirumba, faida yake inaandikwa. Na mwenye watoto Marekani anayepata unafuu wa kodi wa wafanyakazi wa kipato cha chini apige hesabu kwanza, kwani unafuu huo hautolewi kwenye ritani ya pamoja kama mmoja wa wanandoa hana namba ya Social Security. Ila kwa dereva wetu hesabu iko wazi, na ni haki yake.

Njia ya kuifikia haki hiyo ndiyo yenye miiba. Mke anahitaji namba ya mlipakodi iitwayo ITIN. Inaombwa kwa fomu W-7, na fomu hiyo huambatanishwa na ritani yenyewe ya karatasi, pamoja na tamko la uchaguzi lililosainiwa na wote wawili, vyote vikatumwa Austin. Kompyuta haiipokei. Ndani ya bahasha hiyo inatakiwa pasi halisi ya kusafiria ya mke, au nakala iliyothibitishwa na mamlaka iliyoitoa. Nakala iliyogongwa muhuri na wakili, ambayo kwetu hufungua karibu kila mlango, haikubaliwi. Maombi yakipokelewa, IRS yenyewe inasema majibu huchukua wiki 7, na msimu wa kodi unapopamba moto, au maombi yakitoka nje ya nchi, wiki 9 hadi 11.

Fikiria maana yake nyumbani. Pasi ya mke iko kwenye ghala la serikali Austin, wakati ubalozi wa Marekani Dar es Salaam unaweza kumpangia usaili wa viza. Akiitwa, ataonyesha nini? Ndiyo maana familia nyingi huiacha haki hii mwaka baada ya mwaka, na fedha hubaki hazina ya Marekani.

Ipo njia iliyo salama zaidi, na ni wachache wanaoijua. IRS huwaidhinisha watu na taasisi kuwa mawakala wa kukagua nyaraka za ITIN. Wakala wa aina hii aliyeidhinishwa kuthibitisha huikagua pasi halisi, anaandika cheti, na pasi inarudi kwa mwenyewe. Kinachosafiri kwenda Austin ni cheti na nakala. Baadhi ya ofisi za IRS za kuhudumia walipakodi hufanya kazi hiyo pia, kwa miadi. Kwa mke aliye Mwanza, mahali pa kuanzia ni Uhamiaji, waliotoa pasi, kuomba nakala iliyothibitishwa, na kuhakikisha ina muhuri halisi wa ofisi. Ni kazi ya kufuatilia, lakini ni bora kuliko kuiweka pasi kwenye bahasha na kuomba Mungu.

Ifikapo huko, karatasi hukutana na nini? Bahasha hufunguliwa, karatasi hupangwa kwa aina, pini hutolewa, namba hugongwa juu, kisha kwa miaka mingi mtu aliketi mbele ya kioo na kuingiza tarakimu moja moja alizoandika mlipakodi. Kuingiza data kwa mkono kuna makosa yake, na kunahitaji watu wengi. Korona ilipofunga vituo mwaka 2020, barua zilirundikana kwa mamilioni, na kufikia 2022 rundo lilikuwa halijaisha; katika kituo cha Austin ritani zilipangwa mpaka kwenye ukumbi wa kulia chakula. Mkaguzi wa serikali anayeisimamia IRS aliripoti mwaka 2022 kwamba mwezi Machi 2021 zaidi ya nyaraka milioni 30 za karatasi zilizotumwa na waajiri, benki na wengineo ziliharibiwa kabla ya kushughulikiwa. Nyaraka hizo hazikuwa ritani za watu, lakini mwananchi anayesoma habari hiyo ana haki ya kuuliza bahasha yake iko mikononi mwa nani. Wapo waliongoja marejesho kwa zaidi ya nusu mwaka, wakati aliyewasilisha kwa kompyuta kwa kawaida hulipwa ndani ya siku 21.

Tofauti inayoniuma zaidi kuliko kasi ni hii: anayetuma kwa kompyuta hupata, kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili, taarifa kwamba ritani yake imepokelewa na kukubaliwa. Anayetuma kwa karatasi hapewi chochote. Hakuna barua, hakuna ujumbe. Atakaa wiki nne hivi ndipo aanze kuangalia kwenye tovuti kama jina lake limeonekana. Serikali ile ile, kodi ile ile, lakini mmoja anaondoka na uthibitisho mkononi na mwingine anaondoka na matumaini.

Penye pengo kama hilo huingia watu wabaya. Kila msimu wa kodi kuna wajazaji wa vichochoroni ambao jumuiya zetu zinawafahamu vizuri. Huketi sebuleni kwa mtu au kwenye gari nje ya ukumbi wa ibada, wanazungumza lugha yetu, wanajua shida zetu. Sheria ya Marekani inamtaka kila anayejaza ritani ya mtu kwa malipo aweke saini yake na namba yake ya utambulisho ya IRS kwenye fomu. Hawa hawaweki. Huijaza, huichapa, humwambia mteja, "Weka saini hapa, kaitumbukize posta," na kuchukua asilimia ya marejesho yatakayopatikana. Kwenye karatasi itaonekana kwamba mteja aliijaza mwenyewe. Ndani kuna biashara asiyoifanya, kipato kilichobuniwa ili unafuu upande, na watoto wa kaka yake walioko Bukavu walioandikwa kama wategemezi.

Hapo niseme bila kuzunguka. Mtoto au mzazi asiye raia wa Marekani, anayeishi Tanzania, Kenya au Kongo, hawezi kuandikwa kuwa mtegemezi kwenye ritani ya Marekani, hata kama ni wewe unayemlipia ada, chakula na hospitali kila mwezi. Sheria inataka awe raia wa Marekani, au mkazi wa Marekani, Kanada au Meksiko. Kwetu sisi, tuliolelewa tukijua kwamba mtoto wa ndugu ni mtoto wako, sheria hii ni ngumu kumeza, lakini ndiyo iliyopo. Anayedai unafuu wa wafanyakazi kwa uzembe uliopindukia hufungiwa miaka 2. Anayeudai kwa udanganyifu hufungiwa miaka 10, na fedha anarudisha pamoja na adhabu. Mjazaji wa kichochoroni atakuwa ameshahama namba ya simu.

Basi afanye nini mtu ambaye karatasi ndiyo njia yake pekee? Nitayataja mambo yenyewe kwa mpangilio, kwa sababu hapa ndipo fedha za watu zinapopotea.

Kwanza, saini. Ritani isiyo na saini ni batili na hurudishwa. Kama ni ya pamoja, wanatia saini wote wawili, pamoja na yule aliye Mwanza. Maana yake karatasi inasafiri kwenda na kurudi kabla ya tarehe ya mwisho, si baada yake. Fomu W-2 inayotolewa na mwajiri huambatanishwa mbele ya fomu 1040. Viambatisho vingine hufuata mpangilio wa namba ndogo zilizochapwa pembeni juu kulia mwa kila fomu. Kabla ya kufunga, piga picha au toa nakala ya kila ukurasa.

Pili, anwani. IRS haina anwani moja. Inategemea jimbo unaloishi na kama unaambatisha malipo au la. Usinakili anwani kutoka kwenye bahasha ya mwaka jana wala ya rafiki, kwa kuwa hubadilika. Kituo cha Fresno, California, kilichopokea ritani za karatasi kwa miongo mingi, kiliacha kazi hiyo mwaka 2021. Angalia kwenye maelekezo ya mwaka husika. Ukitumia DHL, FedEx au UPS, kumbuka kwamba hawafikishi kwenye sanduku la posta, hivyo unahitaji anwani ya mtaa ambayo IRS imeiweka kwa ajili yao, na ni baadhi tu ya huduma zao zinazotambuliwa na sheria. Usiweke fedha taslimu kamwe. Hundi iandikwe kwa United States Treasury, pamoja na namba yako ya mlipakodi, mwaka na namba ya fomu.

Tatu, akaunti ya benki. Kuanzia tarehe 30 Septemba 2025 serikali ya Marekani imeanza kuachana na hundi za karatasi za marejesho. Hata kama ritani yako ni ya karatasi, jaza namba za benki yako kwenye sehemu ya marejesho na uzihakiki mara mbili. Usiweke akaunti ya mjazaji, awe nani.

Nne, kaunta, na hili ndilo kubwa kuliko yote. Usitumbukize kwenye sanduku. Ingia ndani, panga foleni, mpe karani bahasha mkononi, mwambie unataka Certified Mail. Atabandika kibandiko chenye namba ndefu na kukurudishia kipande kidogo chenye namba hiyo hiyo. Watu wengi hukitia mfukoni na kuondoka. Usiondoke. Mwombe karani akigonge muhuri wa mviringo wenye tarehe ya leo. Sheria inasema tarehe iliyogongwa kwenye risiti hiyo ya mtumaji ndiyo inayohesabiwa kuwa tarehe ya muhuri wa posta, hata mashine ya mji mwingine igonge nini kesho. Kwa ishara hiyo moja ya mkono wa karani, kanuni mpya ya Desemba haikugusi tena. Risiti hiyo ibane pamoja na nakala ya ritani, na uitunze kwa miaka isiyopungua mitatu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hapa daftari ni kile kipande.

Tano, ukiona hutawahi, omba nyongeza ya muda kwa fomu 4868. Inakupa hadi tarehe 15 Oktoba kuwasilisha, ila haisogezi siku ya kulipa. Kama serikali ndiyo inayodaiwa na wewe, una miaka mitatu ya kudai marejesho, ikipita, yamekwenda. Wengi wa wanaoogopa kujaza kwa kuwa wamechelewa ndio hao wanaodai.

Wapo watakaosema dawa ni kuifuta karatasi moja kwa moja. Kenya iliichagua njia hiyo. Mwaka 2015 Mamlaka ya Mapato ya Kenya iliwataka walipakodi wote kutumia mfumo wa iTax, na kila mwezi Juni tunaona matokeo: watu kwenye saiba, yaani vibanda vya intaneti, na vituo vya serikali vya Huduma, vijana wasio na kazi wakimlipa mtu awajazie ritani ya sifuri ili wasitozwe faini ya shilingi 2,000. Kompyuta haikuuondoa ugumu kwa asiyeijua. Iliuhamishia kwa mtu wa kati. Lakini tuwe wa haki: iTax humpa kila anayewasilisha stakabadhi pale pale. Hata yule kijana aliyesimama saiba anatoka na karatasi yenye namba na tarehe. Hicho ndicho mtumaji wa bahasha Marekani amenyimwa.

Kwa hiyo madai yangu kwa serikali ya Marekani si kuua karatasi wala kuitukuza. Ni matatu. IRS itoe uthibitisho wa kupokea kwa kila ritani ya karatasi siku bahasha inapofunguliwa, si siku inapomaliza kushughulikiwa. Fomu W-7 na ritani inayoambatana nayo ziruhusiwe kwenye kompyuta; Mtetezi wa Taifa wa Walipakodi, ambaye ofisi yake iko ndani ya IRS yenyewe, amelipendekeza hilo kwa Bunge la nchi hiyo kwa miaka. Na sheria ibadilike ili siku ya kuikabidhi barua kwa posta ndiyo ihesabiwe, kwa kuwa mwananchi hana mamlaka juu ya ratiba ya magari ya posta. Serikali haiwezi kwa mkono mmoja kumlazimisha mtu kutumia barua, na kwa mkono mwingine kuidhoofisha barua hiyo kama ushahidi.

Kwa jumuiya zetu huko, Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, nina ombi la kazi. Serikali hiyo ina mpango wa msaada wa bure wa kodi uitwao VITA, kwa wenye kipato cha chini, wenye ulemavu, na wasiokimudu vizuri Kiingereza. Wanaoutoa ni watu wa kujitolea wanaofunzwa na kupewa cheti na IRS bila malipo. Kila jumuiya ina wahasibu, wauguzi, wanafunzi wa chuo, watu wenye vichwa vya hesabu na Kiswahili fasaha. Wawili au watatu wakijifunza kila Novemba, kufikia Januari kanisa au msikiti unaweza kuwa na meza inayojaza ritani kwa Kiswahili, bure, na kuwafukuzia mbali wale wa vichochoroni. Mmoja wao akiomba uwakala wa kuthibitisha nyaraka za ITIN, pasi za familia nyingi zitaacha kusafiri peke yake.

Najua pia hofu iliyopo. Aprili 2025 IRS na wizara inayosimamia uhamiaji zilitia saini makubaliano ya kupeana taarifa za walipakodi, na suala hilo limefika mahakamani. Mwenye shaka juu ya hadhi yake ya ukaazi azungumze na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kutuma, si mjomba wa rafiki wala sauti ya WhatsApp. Lakini mwenye vibali vyake asikubali hofu ya wengine imnyang'anye haki yake.

Mshahara ulikatwa kila wiki mbili, mwaka mzima, bila kuchelewa hata siku moja. Kinachorudi ni jasho la mtu. Basi ukifika kaunta na bahasha yako, usitoke mlangoni kabla karani hajaigonga muhuri risiti, na ukifika nyumbani mfundishe mwenzako afanye vivyo hivyo.